Noti Sabini na Mbili

Lindi, 19 Machi 1916

Kwa Kazija, mke wangu, jina ninalolitamka peke yangu mpaka watu wa shamba wananigeukia,

Nimefika salama. Ni siku sita za mguu kutoka Kivinje, na sikuchoka hata siku moja, kwa sababu sikuwa natembea, nilikuwa nairudia fungate yetu. Kila siku ya njia niliipa siku moja ya fungate. Nilipopita Kiranjeranje nilikuwa kwenye siku ya tatu, ile uliyonicheka kwa kuvaa kanzu nje ndani. Nilipofika Mchinga nilikuwa kwenye siku ya sita. Nikapiga hodi kwa dada yako Mwahija, akanitazama, akasema, "Huyu bado yuko chumbani." Siku ya saba sijaitembea. Nimeiweka mpaka tutakapokuwa pamoja.

Nilisoma miaka minne shule ya Serikali, na miwili zaidi ya ukarani. Walinifundisha hesabu, ramani na Kidachi, lugha ya wenye Serikali. Hawakunifundisha mtu afanye nini akiwa na furaha kiasi hiki na hana wa kumwambia.

Kazi ni ile ile. Kila mfanyakazi wa shamba la katani ana kipande, karatasi yenye vyumba thelathini, na kila jioni mimi ndiye ninayetia alama kwenye chumba cha siku hiyo. Vyumba vikijaa, mtu analipwa. Zamani tulilipwa rupia za fedha. Tangu vita vifunge bahari tunalipwa noti. Nimekutilia tano humu uzione. Zimepigwa chapa huku huku kwetu, kwenye karatasi nene kama ya kufungia sukari, na nyuma hazina kitu, ni tupu. Mbele imeandikwa Kidachi kwamba benki itamlipa rupia moja mtu yeyote atakayeileta. Yaani ni ahadi. Mimi nawe tunaishi kwa ahadi, kwa nini benki isiishi?

Sasa mahari. Ni rupia arobaini. Kumi na tano nimetoa, zimebaki ishirini na tano, na ami yako Kibwana amesema huvuki kizingiti chake kuja Lindi mpaka zitimie, mwisho Idi ya kufungua. Ana haki, ndiye aliyekulea tangu baba yako afariki. Najua mahari ni yako na unaweza kunisamehe hata kesho. Nakuomba usinisamehe. Niliwasikia wanawake harusini wakisema kwamba karani anaoa kwa kalamu. Sitaki siku moja mtu akuambie ulitolewa bure.

Noti hizi tano mpe Ami uone atasemaje. Serikali imetangaza kwamba noti na fedha ni sawa. Akizipokea, njia yetu imekuwa fupi. Majibu mpe Dadi tarishi, anayekuletea barua hii. Yeye ndiye miguu yetu sasa.

Mumeo,
Fakihi bin Hasani


Kilwa Kivinje, mwezi 27 Mfunguo Nane

Mume wangu Fakihi,

Dadi kafika jana, magoti yamemvimba, na kabla ya kunywa maji akanipa barua yako huku akicheka. Nadhani uliisoma kwa sauti ulipokuwa unaiandika. Herufi zako za kizungu nazisoma polepole, kama mtu anayevuka mto asioujua, kwa hiyo furaha yako imenichukua siku nzima. Mimi nakujibu kwa herufi za Kiarabu alizonifundisha marehemu baba chuoni kwake. Nawe teseka kidogo.

Mto uliolalia nimekataza usianikwe. Mama mkubwa Kidawa anasema nimerogwa.

Noti zako nilimpa Ami baada ya sala ya alasiri. Alizigeuza, akazinusa, akauliza hii picha ni ya nini. Kisha akasema kama Serikali imesema ni sawa, basi ni sawa, akazitia kwenye kasha lake. Kwa hiyo zimebaki ishirini tu. Usiwe na wasiwasi. Hapa Kivinje watu wanazipokea noti kama fedha, hakuna neno.

Kula vizuri. Mtu anayehesabu siku za wengine asisahau kula zake.

Mkeo,
Kazija


Kilwa Kivinje, siku hiyo hiyo

Dada Mwahija, shikamoo.

Barua hii anayo Dadi pamoja na ya Fakihi. Nimemwapisha asizichanganye.

Nimemwongopea mume wangu, dada, na hata mwezi wa pili wa ndoa haujaisha. Alileta noti tano nimpe Ami. Ami alizitupa uani, na kuku akaidonoa moja. Akasema, "Mimi sikumwoza mwana wa kaka yangu kwa karatasi za kufungia bizari. Mwambie mumeo nataka fedha, ikidondoka ilie." Nikaziokota moja moja, yeye amesimama ananitazama.

Ningemwandikiaje hayo? Unamjua Fakihi. Yule ni mtu wa kulia. Barua yake yote ilikuwa furaha, nikaona siwezi kuwa mimi wa kuizima. Nikaandika kwamba Ami amezipokea. Nikaandika kwamba Kivinje nzima inazipokea, na wewe unajua ilivyo. Asubuhi nikiuza vitumbua sitaji bei mpaka nione kiganja. Mtu akiwa na hela ya shaba, kitumbua kimoja hela moja. Akiwa na noti, namwambia vimekwisha, na sinia limejaa mbele yake. Juzi fundi mmoja wa mbao alikula vitatu kwanza, ndipo akatoa noti. Nikamwambia arudishe vitumbua vyangu. Watu walicheka mpaka wakasahau njaa.

Lakini nina shauri. Hizo tano nitazijaza mwenyewe kwa fedha kabla ya Idi, kwa vitumbua na mikeka, nimpe Ami kimya kimya. Hapo uongo wangu utakuwa kweli, na Fakihi hatajua. Mpaka sasa nina rupia moja na hela thelathini.

Mdogo wako,
Kazija


Mchinga, mwezi 5 Mfunguo Tisa

Marahaba, Kazija.

Nimesoma, nimechoma. Mwambie.

Nimekaa na mume miaka kumi na moja. Uongo wa kumfariji mume ni sawa na kung'oa makuti ya paa upate kuni za kumpikia. Atashiba leo. Mvua je?

Hapa Mchinga mvuvi akiona noti anafunika kapu la samaki. Tunabadilishana vitu kwa vitu, nazi kwa mtama, mtama kwa chumvi, na chumvi tunapimiana kwa kijiko cha chai. Mume wangu alilipwa noti nane kwa kutengeneza boriti za nyumba ya mtu, kazi ya wiki mbili. Amezibandika ukutani. Anasema angalau zizibe nyufa.

Unasema Fakihi ni mtu wa kulia. Aache alie. Machozi ya mwanamume hayana bei kubwa kama unavyodhani.

Dada yako,
Mwahija


Lindi, 7 Mei 1916

Kazija, pumzi yangu,

Kwanza niambie kama mto bado haujaanikwa. Ukianikwa nitajua, maana usiku huo sitalala.

Kivinje mmebarikiwa na hamjui. Hapa Lindi kila kitu kina bei mbili, bei ya fedha na bei ya noti, na ya noti inapanda kati ya asubuhi na adhuhuri. Siku ya malipo wake wa wafanyakazi wanasimama langoni na vikapu. Mume akishapokea anamrushia mkewe noti juu ya ua, na mwanamke anakimbia sokoni kabla bei haijabadilika. Nimewaona wenye mimba wakikimbia. Pishi ya mtama ilikuwa hela kumi na mbili, haifiki hata robo rupia, nilipokuja kwenu kuoa. Jana ilikuwa noti tatu.

Yupo mzee mmoja wa Kimwera, Salumu, amekata katani miaka sita. Alijaza kipande chake, siku thelathini, akalipwa noti kumi. Akaja mezani kwangu, akaziweka kando ya kipande, akasema, "Karani, kazi yangu umeiandika kwenye karatasi, na malipo yangu ni karatasi. Sasa mimi hapo nilikuwa wa nini?" Watu walicheka, nami nikacheka. Kesho yake hakuja. Kipande chake kipya tulikikuta kimechomwa kwenye mwiba wa jani la katani, hakina alama hata moja.

Wananizomea sasa. Wananiita Bwana Alama. Sijali, nina barua zako mfukoni.

Nina jambo, Kazija, na silisemi. Nilikwenda Mingoyo siku mbili. Usiniulize. Utajua kabla ya Idi, na ukijua utacheka mpaka Mama mkubwa Kidawa atoke nje. Nilikuwa nimekata tamaa, lakini barua yako kuhusu Ami ndiyo iliyonifungua akili. Elimu si hasara.

Mumeo, mwenye siri,
Fakihi


Kilwa Kivinje, mwezi 28 Shaabani

Mume wangu,

Barua hii nimeianza tangu Rajabu. Nimeichana mara tatu, na karatasi sasa ni ghali, kwa hiyo safari hii sitaichana.

Ami hakuzipokea noti zako. Alizitupa. Nilikuongopea. Hapa Kivinje hakuna anayezipokea, si Ami, si muuza chumvi, si mchimba kaburi. Nilitaka furaha yako ikae siku chache zaidi, na niliona nitaweza kuzijaza mwenyewe. Nimeuza vitumbua mpaka mchele ulipokosekana, kisha nimesuka mikeka mpaka vidole vimepasuka. Nimepata rupia nne za fedha na hela kumi na moja. Zimo kwenye chungu cha dawa, Ami hajui.

Nisikilize sasa. Ami anasema mjini hakuna chakula tena, na baada ya Idi tunahamia Likawage kwa ndugu zake, kulima. Unaijua Likawage ilipo. Dadi hafiki huko, wala barua hazifiki. Anasema mume ambaye hakutimiza hana la kudai, na mimi nitakwenda na jembe langu kama wengine. Na vita vinakuja upande wetu. Nikishaingia bara sijui utanipata vipi.

Kwa hiyo njoo. Kama una fedha yoyote, hata rupia kumi, ishike hivyo hivyo ilivyo. Usiibadilishe na chochote. Njoo nayo kabla ya Idi, nami nitazitia zangu nne, tumpigie Ami magoti wawili.

Dadi hajarudi bado kutoka Lindi, na siwezi kumngoja. Ninampa barua hii mtu wa Kimatumbi anayeondoka leo.

Nikasirikie, lakini nikasirikie ukiwa njiani.

Kazija


Lindi, 2 Julai 1916

Kazija wangu, Kazija wangu, Kazija wangu,

Kaa chini kabla hujafungua kitambaa alichonacho Dadi. Umekaa? Fungua.

Ni sabini na mbili. Nimezihesabu mara nyingi mpaka kona zimelainika. Sasa nakuambia siri. Marehemu baba aliniachia minazi tisa Mingoyo. Mwezi wa nne niliiuza, rupia mbili za fedha kila mmoja, nikapata kumi na nane. Zilikuwa hazitoshi, zilipungua mbili kwa zile ishirini ulizosema zimebaki, na nilikuwa nawaza nitazitoa wapi mbili. Kisha akili ikafunguka. Hapa Lindi mwenye duka mmoja anakupa noti nne kwa rupia moja ya fedha. Kivinje noti na fedha ni sawa. Basi mtu mwenye fedha Lindi na mke Kivinje ni tajiri na hajui. Mara nne kumi na nane ni hesabu ya darasa la pili.

Nilimweleza hata mzee Salumu, nilipokutana naye sokoni akiuza kuni. Akaniambia amesikia Kilwa nako wanazikataa. Nikamwambia, "Mke wangu yuko Kilwa, na mke wangu haniongopei." Akaendelea kufunga kuni zake.

Ishirini mpe Ami. Hamsini na mbili ni zetu. Nunua kitanda cha samadari kile cha fundi wa Kivinje, ulichokisifu siku ya tano. Nunua sufuria mbili. Nunua kanga, na kama kanga hakuna, nunua kaniki, utaipendezesha wewe. Kisha njoo Mchinga na Dadi, nitakupokea kwa Mwahija, ile siku moja iliyobaki tuitembee pamoja mpaka Lindi.

Saumu njema, mke wangu. Dua zangu zote zimekwishajibiwa, mwezi huu sijui nitaomba nini.

Mumeo,
Fakihi


Mchinga, mwezi 4 Ramadhani

Kazija,

Jana Dadi alifungua saumu kwangu, anatoka Lindi kuja kwako. Sahani moja na yeye alikula mtu wa Kimatumbi, anatoka kwako kwenda Lindi. Walitundika mifuko yao kwenye msumari mmoja. Dadi alijisifu kwamba amebeba mali ya karani. Yule mwingine akasema wake una barua tu, tena ya mwanamke. Niliwapa uji nikawatania wote wawili.

Leo asubuhi wameshaondoka kila mtu njia yake, ndipo nikauliza moyoni, mali gani? Barua hii nampa anayefuata njia ya kwako, lakini Dadi atakuwa ameshafika.

Mdogo wangu, ulimwambia?

Mwahija


Lindi, 12 Julai 1916

Kwa Kazija binti Maftaha, Kilwa Kivinje

Barua yako ya mwezi 28 Shaabani nimeipokea tarehe tano. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta njia ya kurudisha kilichofanyika. Haipo.

Nilikwenda kwa yule mwenye duka. Nikamuuliza nikimletea noti zake sabini na mbili atanirudishia fedha kiasi gani, hata kumi, hata nane. Alikuwa anapima karafuu. Akasema, "Karani, mimi nilikuwa nazitoa. Sikusema hata siku moja kwamba nazipokea."

Nilikwenda Mingoyo pia. Mnunuzi ameshaanza kuangua nazi. Alinipa dafu moja ninywe, kwa heshima ya marehemu baba, nikamwambia nimefunga.

Ulipaswa kuandika maneno mawili tu: Ami amekataa. Ningeudhika siku moja. Ningebaki na rupia kumi na nane za fedha, na nne zako, ishirini na mbili. Zingepungua tatu. Ami ni mtu mkali lakini si mtu wa kukataa kwa ajili ya rupia tatu. Leo tungekuwa nyumba moja. Nimeifanya hesabu hii kila siku tangu tarehe tano, na kila siku jibu ni lile lile.

Tangu barua ya kwanza nilikuwa tayari kungoja. Sikukuomba unifurahishe.

Fakihi bin Hasani


Kilwa Kivinje, mwezi 27 Ramadhani

Mume wangu,

Umeniita Kazija binti Maftaha, kama kadhi. Sawa. Nami nakuletea habari ya kikadhi.

Jana nilivaa, nikamwita Ami, nikamwita mwalimu aliyeshika chuo cha baba, na mashahidi wawili, mmoja fundi yule wa mbao aliyekula vitumbua vyangu. Nikasema mbele yao kwamba rupia ishirini na tano zilizobaki nimekusamehe, kwa hiari yangu, bila kulazimishwa. Mwalimu akaniuliza mara tatu. Nikajibu mara tatu. Najua ulinikataza. Ulinikataza wakati tulikuwa na cha kuchagua.

Kabla ya hapo nilimwonyesha Ami kile kitambaa. Nilimweleza minazi, na duka, na uongo wangu. Nilidhani atacheka au atanipiga. Akazihesabu zote, sabini na mbili, polepole, kisha akazifunga tena kama zilivyokuwa. Akasema, "Alizitafuta." Baadaye akasema nikuandikie uje na miguu yako tu, hataki kingine. Anaahirisha Likawage mpaka mwisho wa mfunguo mosi, mwezi mzima baada ya Idi, akungoje.

Mlango uko wazi, Fakihi. Ni siku sita. Nimemwomba Dadi asikuachie barua hii, akusubiri uisome, mje pamoja.

Mto haujaanikwa.

Mkeo,
Kazija


Lindi, 10 Septemba 1916

Kazija,

Naandika haraka. Wanasema Waingereza wameshashuka Kilwa, na hapa tunafungasha. Sisi wa shambani wote tumeandikwa upagazi. Kesho tunaingia bara. Mzigo wangu ni sanduku la risasi. Tumeahidiwa mshahara. Wa noti.

Barua yako ya msamaha Dadi aliniletea siku ya nne ya Idi. Alinisubiri siku tatu langoni, kama ulivyomwagiza. Nilimwambia atangulie. Nimekaa na barua hiyo mwezi mzima. Nilikuwa na siku sita za njia na mlango wazi, na sikwenda. Nilikuwa naona nyuso za watu wa Kivinje wakinitazama ninaingia mikono mitupu kumchukua mke aliyenisamehe mahari. Nilisema nitafanya kazi kwanza, nipate fedha hata tano. Hakuna fedha Lindi, Kazija. Nilijua hakuna.

Nami nilikuficha. Tangu Juni mimi si karani. Shamba halina mnunuzi, wakapunguza watu, nikapewa kipande nikakate. Aliyekuwa ananitia alama alikuwa mwanafunzi mwenzangu. Ile barua ya sabini na mbili niliiandika mikono ikiwa na miiba. Na minazi niliiuza bila kukuuliza, na fedha niliibadili bila kukuuliza, nikaiita siri ya mapenzi. Ungejua ungenizuia kwa neno moja. Kwa hiyo ile hesabu niliyokuandikia haikuwa kamili. Nilikuhesabu wewe, mimi sikujihesabu.

Msamaha wako siupokei. Si kwa hasira. Nitarudi na ishirini na tano, na nitazidondosha mbele ya Ami moja moja azisikie.

Siku ya saba bado ninayo. Sijaitumia popote.

Mumeo,
Fakihi


Mchinga, siku ya pili ya Idi ya Kuchinja

Fakihi,

Ami alingoja mpaka mwisho wa mwezi kama alivyoahidi, kisha akaenda Likawage. Mimi sikwenda. Nilimwambia nakwenda kwa Mwahija kwa sababu Mchinga ni karibu na Lindi, na yeye hakunizuia. Nilipofika Mchinga ulikuwa umeshaondoka Lindi siku kumi na moja nyuma. Barua yako nimeikuta hapa, Dadi aliiacha kwa dada. Yeye mwenyewe amerudi kwao Kiranjeranje, magoti yamekataa.

Hakuna mtu wa kupeleka barua bara. Naandika hivyo hivyo.

Karatasi Mchinga hakuna, ila mimi ninayo. Noti zako nyuma ni tupu, kama ulivyoniambia. Kila moja inaingia mistari saba nikibana mkono. Barua hii imekula noti tisa. Kabla yake nimekuandikia nyingine fupi fupi, na zote nimezifunga kwa uzi kwa mpangilio, ukija utazisoma. Zimebaki arobaini na nne. Zile tano za kwanza, moja imedonolewa na kuku, sitaziandika. Hizo nimeziweka.

Waingereza wana rupia zao, zinalia. Mpiga mbiu alipita juzi, noti za Mdachi si kitu tena, mwenye nazo ajipatie la kufanya. Watoto wanazichezea duka barabarani. Nilimwona mmoja anamwuzia mwenzake mchanga kwa noti mia, na mwenzake anataka apunguziwe. Mume wa Mwahija bado anazo zake ukutani. Anasema ni yeye peke yake aliyepata faida, ukuta haupitishi upepo.

Wapagazi waliorudi ni wachache. Nimewauliza wote. Mmoja anakumbuka karani aliyekuwa akiwahesabia wenzake siku, bila kalamu, kwa mafundo ya kamba. Alimwona mara ya mwisho akivuka mto, sanduku kichwani. Hajui mto gani. Nimemlisha, nimemwuliza tena, hajui.

Wanawake wa hapa ni wadadisi kuliko wa Kivinje. Jana tulipokuwa tunagawa nyama waliniuliza niliolewa kwa mahari gani. Mwahija akaacha kisu, akanitazama. Nikawaambia rupia arobaini, fedha tupu, na zote zilitimia kabla ya Idi. Wakauliza, hata wakati ule wa noti? Nikasema, hata wakati ule. Mume wangu alizidondosha mbele ya Ami moja moja, na mtaa mzima ukasikia.

Uongo huu, Fakihi, siutubii.

Mkeo,
Kazija